Usipoziba ufa wa lami

Ndugu wasikilizaji wa Goma, na ninyi familia mliokimbia vita, leo ninaongea juu ya barabara.

Mwezi wa pili 2024, watu walipokimbia Sake, nilikuwa kando ya barabara ile ya kilometa kama 25. Mama mjamzito alikuwa juu ya pikipiki. Kwenye kila shimo alilia. Tangu siku ile, nikiona ufa katika lami ninasimama.

Fundi mmoja alinieleza: adui wa lami ni maji. Jua linaikausha, inapasuka. Mvua inaingia, udongo wa chini unalainika, magari makubwa yanamalizia. Dawa ni kuifunika mapema: kufagia vumbi, kumwaga lami nyembamba ya moto, kutandika kokoto safi, kushindilia. Lakini ngozi hiyo haibebi uzito. Kama chini kumeshabomoka, ni kupaka mafuta juu ya kidonda; kwanza shimo lichimbwe, lijazwe vizuri.

Kwetu mawe hayakosi, Nyiragongo ilituachia mengi mwaka 2002 na 2021. Vijana wetu wanajaza mashimo kwa udongo, mvua moja inauondoa wote.

Basi tukiona lami mpya inapakwa, tuulize: vumbi limefagiwa? Mashimo yamejazwa kwanza? Maji ya mvua yatapita wapi?

Mama yule alifika salama. Mtoto wake asikute mashimo yaleyale.