Kuruwitu: Kijiji Kilichoifunga Bahari Yake

Barabara itokayo Malindi kwenda Mombasa haimwonyeshi msafiri bahari. Wageni wengi hulishangaa jambo hili, kwani hudhani kwamba kusafiri pwani ni kusafiri kando ya maji. Ukishapita Gede, msitu wa Arabuko-Sokoke hukuandama upande wa kulia, na kushoto ni minazi, mikorosho, mashamba ya mihogo na misikiti midogo yenye mapaa ya mabati. Maji huyaona kwa ghafla, uwapo juu ya daraja la Kilifi, ambalo tangu lilipofunguliwa mwaka 1991 limewaondolea watu adha ya kusubiri kivuko. Baada ya hapo bahari hujificha tena, na anayeitaka hana budi kuikata njia ya vumbi kwenda kuitafuta.

Njia za vumbi za namna hiyo ni nyingi, na kila moja huishia kwenye kijiji chenye kisa chake. Tulipofika Matsangoni tuliiona ile inayokwenda Uyombo, kijiji ambacho miaka michache iliyopita wengi wetu hatukulijua jina lake. Serikali ilikusudia kujenga huko mtambo wa umeme wa nyuklia wa megawati 1,000, ujenzi uanze mwaka 2027. Wavuvi na wakulima wa Uyombo walikataa. Walifanya mikutano, wakapeleka malalamiko yao Bungeni, na mwezi Mei 2024 walipoandamana walikabiliwa na polisi na baadhi yao wakaumia. Mwaka 2025 macho ya wapangaji yakageukia Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria. Kisa hicho kimeandikwa sana magazetini, nasi hatukukusudia kukirudia. Sisi tulikuwa tunakwenda Kuruwitu, kusini mwa mji wa Kilifi, ambako wanakijiji hawakuanza kwa kumkataza mtu wa nje. Walianza kwa kujikataza wenyewe.

Baada ya Kilifi barabara hupita njia panda ya Takaungu, mji wa kale walikokimbilia Mazrui walipoupoteza utawala wa Mombasa mwaka 1837, kisha huingia katika mashamba ya mkonge ya Vipingo. Mkonge huo umepangwa kwa mistari iliyonyooka hadi macho yachoke. Siku hizi mistari hiyo hukatizwa na kuta mpya, mabango ya viwanja vinavyouzwa, na uwanja wa gofu wenye nyasi za kijani hata wakati wa kiangazi. Tulishukia hapo, tukaelekea pwani.

Kuruwitu si mji wala si shamba. Zipo nyumba za mawe na zipo za udongo na makuti. Wapo mbuzi njiani, na ipo minara ya simu juu ya minazi. Mtu wa hapo aghalabu ana kazi mbili au tatu: hulima wakati wa masika, huvua maji yanapomruhusu, na pengine hulinda au hujenga nyumba ya mwenye kiwanja. Mwamba umejipanga mbele ya kijiji kama ukuta, na kati ya mwamba na mchanga kuna maji ya kina kifupi, yaliyotulia hata pale nje panapochafuka. Kwa mwenye mtumbwi mdogo, hayo ndiyo yalikuwa ghala lake. Msimu wa kaskazi mwenye chombo kizuri huweza kuvuka mlango wa mwamba akavua nje, lakini kusi ikivuma, na huvuma miezi mingi, mnyonge hubakia ndani.

Ghala hilo likaanza kuwa tupu. Sababu zilikuwa nyingi, na si haki kumlaumu mtu mmoja. Watu waliongezeka. Malema na mishipi ya wazee ikapisha juya, wavu unaokokotwa chini ukazoa wakubwa kwa wadogo na kuyavunja matumbawe, pamoja na bunduki za kupigia samaki. Zana zote hizo mbili zilipigwa marufuku nchini mwaka 2001, lakini marufuku ya karatasini huchelewa kufika majini. Walikuwapo pia wakamataji wa samaki wa mapambo, wale wadogo wa rangi rangi wanaosafirishwa ng'ambo wakakae katika matangi ya vioo majumbani mwa watu. Juu ya hayo, mwaka 1998 joto la bahari lilipanda kupita kiasi katika Bahari ya Hindi ya magharibi yote, matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa.

Mwamba nao una hesabu zake. Kikande, samaki ambaye si wengi wanaomthamini mezani, hula wale wanyama wa miiba mirefu ambao kila aliyewahi kutembea mwambani maji yakiwa yamekupwa anawajua kwa nyayo zake. Kikande akivuliwa akaisha, wenye miiba huzaana bila mpunguzaji, nao huutafuna mwamba. Mwamba ukiliwa, tafi, pono na changu hawana pa kujificha wala pa kulelea. Kwa hiyo mvuvi huweza kuupoteza mtego wake wa mwakani kwa samaki anayemvua leo, tena samaki asiye na bei.

Mwaka 2003 wavuvi na wakazi wa bandari ndogo za eneo hilo waliunda chama cha uhifadhi na ustawi wa Kuruwitu. Kilikuwa chama cha hiari, cha watu wanaokaa chini ya mti baada ya kazi zao. Mwaka 2005 wakafanya jambo ambalo halikuwa limefanywa na kijiji chochote cha Kenya: walitenga hekta 30 za maji yao wenyewe, eneo la kama viwanja arobaini vya kandanda, wakasema hapa havui mtu.

Tunaomba msomaji asilipite jambo hili kwa haraka. Kumpinga mgeni mwenye fedha ni kazi ngumu, lakini moyo huwa pamoja nawe, na jirani hukupigia makofi. Kumwambia mtoto wa ami yako, ambaye jana alilala na watoto wenye njaa, kwamba asitupe wavu mahali alipotupa babu yake, ni kazi ya namna nyingine. Walikuwapo waliokataa. Walikuwapo waliosema kwamba bahari ni ya Mwenyezi Mungu na hakuna mwanadamu wa kuifunga. Wengine walihofia, nao hawakuwa wajinga kuhofia, kwamba ikishafungwa atapewa tajiri. Mabishano hayo hayakumalizwa kwa kura moja, bali yalihitaji vikao, wazee, subira, na watu wa kulinda.

Tena wakati huo sheria haikuwa imewafikia. Kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, hivi ambavyo kila mvuvi sasa anaviita BMU, zilitoka mwaka 2007, miaka miwili baada ya Kuruwitu kufunga maji yake. Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyokuja kuitaka serikali iwahimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Wanakijiji walilitenda jambo kwanza, wenye kalamu wakafuata.

Eneo lililofungwa huitwa tengefu. Ndugu zetu wa Tanzania hulitumia neno hilo kwa mapori ya wanyama; wavuvi wa Kenya wakalipeleka majini, na linafaa sana. Samaki walirudi. Waliokulia ndani ya tengefu hawajui mpaka, hutoka, na hapo nje ndipo mvuvi anapowangoja kwa halali. Baadaye wakaanza kupanda matumbawe: vipande vilivyovunjika hushikizwa kwenye vitako vya saruji na kurudishwa baharini vikakue. Mwaka 2017 chama kilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vijiji vingine navyo vikatenga maji yao, Kanamai jirani yao na Wasini huko kusini vikiwa miongoni.

Kwa wasomaji wetu, fikra hii si ngeni. Katika mapokezi yetu limo neno hima, ardhi iliyotengwa isiguswe. Kabla ya Uislamu, hima ilikuwa desturi ya wakubwa kujitengea malisho mazuri na kuwafukuza wengine. Mtume (S.A.W.) aliigeuza ikawa kwa maslahi ya umma, akaitenga Naqi', karibu na Madina, kwa farasi wa Waislamu. Huko Pemba, kisiwa cha Misali, ambacho wenyeji husimulia kwamba Nabii Khidhri alikifanya msala wake kwa kuwa kimeelekea kibla, kiliwekwa chini ya hifadhi mwaka 1998. Baadaye wavuvi wake walizungumzwa nao kwa lugha ya Kurani na amana, nayo ikawaingia kuliko lugha ya faini.

Tofauti kati ya hima mbili hizo, ile ya mkubwa na ile ya umma, ndiyo iliyotukaa akilini tulipokuwa tukitembea ufuoni Kuruwitu. Maana hapo kuna kufunga kwa aina mbili. Kuna tengefu, lililofungwa na wengi kwa ajili ya wengi. Na kuna kuta za viwanja zinazoshuka hadi karibu na mchanga, ambazo kila moja ina hati miliki na lango. Historia ya hati hizo ni ndefu. Ilianza na sheria ya ardhi ya mwaka 1908, iliyowataka watu wa ukanda wa pwani wathibitishe milki zao, na wengi wasiokuwa na karatasi wakaamka wakiwa maskwota juu ya makaburi ya wazee wao. Sasa kijiji kimejikuta katika jambo la ajabu: bahari iliyotunzwa hupendeza, na inayopendeza huipandisha bei ya kiwanja kinachoitazama. Jasho la mvuvi humtajirisha muuza ardhi.

Kwa rai yetu, hapo ndipo kazi ya chama kama hiki ilipo leo, kuliko hata majini. Mvuvi asiye na njia ya kushukia, asiye na mahali pa kuegesha mtumbwi wala kuanikia wavu, tengefu lake litakuwa mandhari ya watu wengine. Mama karanga, wale wanawake wanaonunua samaki ufuoni, kuwakaanga na kuwauza njia kuu jioni, nao hupita njia hizo hizo wakiwa na ndoo kichwani. Ukuta mmoja huwaongezea mwendo wa kuzunguka kila siku. Kuitetea njia ya futi chache hakuleti tuzo. Kunahitaji mtu wa kwenda Kilifi kwenye ofisi za ardhi, arudi, aende tena, kwa nauli yake mwenyewe, na mwingine wa kuandika kumbukumbu za kikao kwa mwandiko unaosomeka.

Anayetaka kuzuru na ashuke Vipingo, aulize njia ya Kuruwitu. Bodaboda wote wanaijua. Aende siku maji yanapokupwa asubuhi, maana jua la adhuhuri mwambani ni kali. Avae viatu vya kuingilia majini na nguo za heshima, kwani atapita katikati ya majumba ya watu, na ada ya kuliona tengefu ailipe kwa wanakijiji. Kombe na matumbawe ayaache yalipo. Samaki wa kununua wapo jioni kwa mama karanga, kando ya barabara kuu, wakiwa bado moto.