Jina Si Ukoo: Habari za Vayoleti

Zamani, misafara ilipokuwa ikipita katika nchi yetu kwenda pwani na kurudi, watu wa pwani walikuwa na desturi ya kuwaita wapagazi wengi wa bara ya magharibi kwa jina moja tu: Wanyamwezi. Machoni pao Msukuma, Msumbwa na Mkimbu walikuwa kitu kimoja, maana walikuja kwa njia moja na mizigo ya namna moja. Lakini wenyewe walijua kwamba kila mmoja ana kwao na ukoo wake. Jambo hili twalikumbuka kila tunapofundisha habari za mimea hapa Igalula, kwa kuwa maua nayo yamepata kutendewa vivyo hivyo: mpita njia huona rangi, akatoa jina, akaenda zake.

Maua tunayotaka kuyanena ni yale yaitwayo vayoleti. Jirani yetu mmoja alirudi kutoka Dar es Salaam kwa gari la moshi, amepakata chungu kidogo chenye majani manene ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Alisema ni ua la Ulaya, maana ndivyo alivyoambiwa na mwuzaji. Watoto wa shule walikwenda kulitazama, na mmoja wao akatuuliza, "Mwalimu, sisi kwetu hatukupewa maua kama haya?" Tuliona kwamba swali hilo lastahili jibu kamili, maana mtoto aaminiye kwamba kila kizuri chatoka mbali hatainama kutazama kilicho miguuni pake.

Kwanza, ua lile asili yake si Ulaya. Aina zake za mwitu huota Tanzania na Kenya tu, na nyingi zao zi katika milima ya Usambara, penye kivuli na mawe yenye unyevu. Sir John Kirk mwaka 1884, na Padre W. E. Taylor mwaka 1887, walipeleka Uingereza mifano yake, lakini haikutosha kwa wataalamu kuupa mmea jina. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani huko Tanga, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, aliuita Saintpaulia ionantha, na neno hilo la pili maana yake ni "wenye maua kama vayoleti". Kisha ukaenea upesi, kwa sababu jani lake moja likichomekwa katika udongo wenye unyevu hutoa miche mipya. Basi ua hilo lilisafiri kutoka kwetu, likaongezwa huko, na sasa larudi kuuzwa kwetu kama mgeni.

Pili, ua lile si vayoleti hasa. Vayoleti ya kweli ina petali tano, na ile ya chini ina kifuko kwa nyuma kinachohifadhi maji matamu ya kuwavuta wadudu. Ua la Usambara halina kifuko hicho. Ni la ukoo mwingine kabisa, na mwaka 2015 wataalamu, baada ya kuchunguza urithi wake, waliliingiza katika jamii ya Streptocarpus.

Vayoleti za kweli nazo ni taifa kubwa, aina zaidi ya 500. Iko ya Ulaya yenye harufu nzuri, itengenezwayo manukato. Katika milima ya Andes ziko zilizojikunja chini kati ya mawe, majani yamebanana kama manyoya ya ndege aliyelala. Katika visiwa vya Hawaii ziko zilizokuwa vichaka vyenye shina gumu. Nyingi hutegemea sisimizi, ambao huchukua mbegu kwa ajili ya kinofu cha mafuta kilicho juu yake, wakazitupa mahali papya.

Wala Afrika haikusahauliwa. Viola abyssinica huota katika milima yenye baridi kuanzia Ethiopia hata kwetu. Nyingine, Viola eminii, ya milima mirefu ya Afrika ya Mashariki, ina jina la Emin Pasha, yule aliyefika Tabora mwaka 1890 akielekea maziwa makuu.

Je, Igalula? Nchi yetu ni tambarare yenye joto, vayoleti za milimani haziwezi kukaa. Lakini uko mmea mdogo, Hybanthus enneaspermus, wa ukoo ule ule wa vayoleti, unaoota sehemu nyingi za nchi hii, nyikani na mashambani. Petali yake ya chini ni pana kupita zote, imejitokeza kama ulimi. Tuliwaonyesha watoto mmoja kando ya shamba la karanga, hatua chache tu mbele ya majembe ya wapalizi.

Kutojua jina la kitu si hasara ndogo. Asiyejulikana hana mtetezi. Ua la Usambara limejaa madirishani mwa dunia nzima, lakini huko kwao msitu ukikatwa na jua likafika juu ya mawe, hukauka. Na baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka. Hifadhi ya Amani, iliyowekwa mwaka 1997, yalinda sehemu ya makao yake, lakini si yote. Na aina ya mwitu ikiisha, vyungu vya wauzaji haviwezi kuirudisha.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji wetu, hasa wazazi: mkiwa shambani pamoja na watoto, waambieni majina ya majani kwa lugha ya nyumbani kabla hamjayang'oa. Sisi tumewapa wanafunzi wetu kazi ya kuwauliza wazee wao majina hayo na kuyaandika katika daftari. Mpaka sasa wameleta majina 43, na wazee wawili wamekuja wenyewe shuleni kusahihisha.