Tairi Pana, Njia Nyembamba

Kama ulipita Tunduru mjini mwishoni mwa mwaka 2019, huenda uliniona. Nilikuwa na Altezza nyeusi, vioo chini, muziki juu, kiwiko nje ya dirisha. Washikaji wa kijiweni wakiniona tu wanapaza sauti: "Oyaa, mzee wa tairi!" Nami nawajibu kwa honi. Siandiki haya kujisifu. Dada yangu ndiye aliyenitaka niandike. Alisema, "Wewe si unajiita mwandishi? Basi andika na hili."

Altezza ni gari ambalo Toyota walilitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005. Ni dogo, linasukumwa na tairi za nyuma, na kijana akilikalia anajiona yuko matawi ya juu. La kwangu lilikuwa la mtumba kutoka Japani, injini ya silinda sita. Nililinunua Dar es Salaam kwa fedha ya korosho niliyoiweka misimu mitatu, na pengo lililobaki alilijaza mjomba. Kwetu sisi Wayao mjomba si mtu wa kuamkiwa tu na kupitwa. Ana sauti yake katika ukoo. Siku anayonikabidhi fedha aliniambia neno moja: "Gari ni lako, mpwa wangu, lakini siku ya shida ni letu sote."

Nikaitikia, "Ndiyo, mjomba." Masikio yalisikia, moyo ulikuwa mbali.

Gari lilikuja na rimu zake za kiwandani, inchi 16, na matairi ya 205/55R16. Mimi nikaona kama limevaa viatu vya shule. Kabla sijaondoka Dar nikapita kwa fundi mmoja wa spoti rimu. Akanionyesha rimu za inchi 18, upana inchi 9, zinang'aa kama kioo. Matairi aliyokuwa nayo yalikuwa ya mtumba, 205/40R18. Nikamuuliza kama yatafaa rimu pana namna ile. Akacheka. "Kaka, hapa tairi linavutwa, ubavu unalala. Ndiyo mtindo wenyewe. Au hutaki kutesa?"

Nilitaka kutesa. Nikalipa.

Dalili zilianza mapema. Nikipakia watu watatu nyuma, tairi linasugua fenda, na harufu ya mpira inaingia mpaka ndani. Badala ya kujiuliza kwa nini, nilimwita fundi akaikunja kingo ya fenda kwa nyundo. Kila tuta nililipanda kwa ubavu kama kaa. Lakini mjini kuna lami, na barabara kubwa nayo ni lami, zikiwemo zile kilomita 193 za kutoka Namtumbo ambazo wazazi wetu walizipita kwenye matope. Juu ya lami, ujinga wangu ulificha uso.

Usiku mmoja wa Januari 2020, mvua ikinyesha, simu ikalia. Dada yangu ameshikwa na uchungu kijijini, mwendo wa kilomita thelathini hivi nje ya lami. Nilifika, nikampakia yeye, shemeji na mama mkubwa. Kurudi, gari likiwa zito, tairi la nyuma likawa linakula fenda kila tunapotikisika. Tukafika mahali maji yamekata njia. Korongo lilikuwa limejaa, sikuliona. Nikasikia mlio mmoja mbele, na mwingine nyuma, upande uleule wa kushoto. Matairi mawili yamepasuka ubavuni, rimu zimepinda. Spea nilikuwa nayo moja.

Dada hakupiga kelele. Alishika kiti cha mbele na kuuma kanga. Tulikaa pale mpaka shemeji alipotembea kwa miguu kutafuta pikipiki. Dada yangu akapanda bodaboda, mama mkubwa akamshikilia kwa nyuma, mvua inawapiga. Mimi nikabaki na gari langu zuri.

Mtoto alizaliwa mzima. Ni wa kike, sasa anakimbia. Lakini siku ya tatu nilipokwenda kumwona dada, aliniambia bila hasira: "Kaka, uzuri wa gari lako niliuona vizuri nikiwa juu ya pikipiki." Sijasikia tusi lililoniingia kama maneno yale.

Mjomba naye hakunigombeza. Katikati ya miaka ya 1990, Tunduru ilipojaa watu waliofuata vito katika Mto Muhuwesi, wanunuzi wa Thailand na Sri Lanka wakipishana mjini, yeye alikuwa dereva wa Land Rover. Akaniuliza, "Ulipochagua tairi, ulipima nini?"

Nikanyamaza.

"Sisi tulitumia 7.50-16," akasema. "Jembamba na refu. Halikuwa zuri, lakini lilichaguliwa kwa ajili ya matope. Wewe lako lilichaguliwa kwa ajili ya nani?"

Nikaenda kuchukua daftari, lilelile ninaloandikia hadithi, nikaanza kujifunza kusoma tairi. Na wewe mwenzangu unayetaka kubadili rimu, nisikilize, si hesabu ngumu.

Katika 205/55R16, 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 ni kimo cha ubavu, lakini hapa ndipo wengi tunaingia mkenge: si milimita 55, ni asilimia 55 ya ule upana. Yaani kama milimita 113. Na 16 ni inchi za rimu, ambazo ni milimita 406. Chukua rimu, jumlisha ubavu mara mbili, juu na chini: unapata kama milimita 632. Hicho ndicho kimo cha tairi zima, na spidimita ya gari imepangwa kwa kimo hicho. Ukiweka 225/45R18 kwa kuipenda tu, kimo kinafika 660. Spidimita itasoma 100 nawe unakwenda zaidi ya 104, na tairi litatafuta fenda.

Yale yangu, 205/40R18, yalikuwa na ubavu wa milimita 82 tu. Huo ndio mto uliokuwepo kati ya korongo na chuma. Tena tairi la kipimo hicho hupewa rimu ya inchi 7 mpaka 8, si 9. Likivutwa zaidi ya hapo, mdomo wa rimu unabaki wazi, hauna kinga. Na ile namba ndogo inayofuata kipimo, inayoonyesha uzito, ilikuwa 86, maana yake kilo 530 kwa tairi. La kiwandani lilikuwa na 91, kilo 615. Nilipunguza nguvu, halafu nikapakia ukoo.

Likabaki suala la kusugua. Nyuma ya rimu kuna namba ya ofseti: umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na pale inapokaza nati. Rimu ya kwanza ilikuwa na upana wa inchi 6.5 na ofseti 50. Ya fundi ilikuwa 9 na ofseti 35. Piga hesabu: mdomo wa rimu ulitoka nje kwa karibu milimita 47. Nyundo ya fenda ingefanya nini?

Niliuza rimu mbili zilizopona. Ilinichukua msimu mzima wa korosho kununua nyingine: inchi 16, upana 7.5, ofseti 42. Zinatoka nje milimita 21 tu. Matairi nikachukua mapya, 225/50R16. Kimo chake ni 631, karibu sawa na ya kiwandani, na ubavu ni uleule wa milimita 113, kwa sababu upana umeongezeka na asilimia imepungua. Uzito ni 92, kilo 630. Nilisoma pia tarakimu nne za tarehe, wiki na mwaka, maana tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na huku limezeeka. Na kabla ya kulipa niliwapakia watu wanne, nikazungusha usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, nikasikiliza. Kimya.

Gari bado ni pana, bado linapendeza. Kijiweni hawaniiti tena mzee wa tairi, na mwanzoni liliniuma kidogo. Wiki iliyopita nilimpeleka dada na binti yake kijijini, tukapita palepale penye korongo. Dada alishika kiti cha mbele. Tulipovuka akakiachia, akaendelea na mazungumzo yake ya bei ya mchele.