Fundi wa Betri wa Mkunazini

Limevunjwa duka la fundi wa betri katika uchochoro wa Mkunazini, mjini Unguja, na mahali pake pamesimamishwa duka la vioo liuzalo simu. Na kijana wa ndugu yangu, ambaye hupata riziki kwa kazi za kompyuta azifanyazo nyumbani, ameniuliza huyo fundi alikuwa na haja gani ya duka zima kwa ajili ya betri tu. Swali hilo limenikaa moyoni, maana pasipo mtu yule, sisi tuliokuwa tukitafsiri nyaraka na kuandika hesabu za watu majumbani mwetu tusingaliweza kuifikisha kazi kwa wenyewe.

Duka lilijitangaza kwa harufu kabla ya kuonekana: harufu ya tindikali iwashayo koo, ambayo hadi leo nikiisikia penye gereji hunirejesha kwake. Betri zilipangwa juu ya mbao, vizibo vimefunguliwa, maji yakitoa povu dogo dogo, na mlango haukufungwa kamwe, kwa kuwa hewa itokayo humo huripuka, na mvuta sigara hakuruhusiwa kukanyaga kizingiti. Fundi, shati limemtoboka-toboka, alishika bomba lake la kioo lenye mpira juu na kiboya ndani, akavuta maji ya kila chumba cha betri, akasoma kwa utaratibu: kiboya kikisimama penye 1280, betri imeshiba, kikikaribia 1190, imebaki nusu, na hapo ndipo ulipo mpaka, kwani anayezoea kuipitisha betri ya risasi chini ya nusu huyafupisha maisha ya betri hiyo. Maji ya kisima hakuyakubali hata tone, kwa chumvi yake. Kadhalika hakukubali kuharakishwa: betri ya ampea-saa 100 aliijaza kwa ampea 10, usiku kucha, na mwenye pupa alirejeshewa betri yake kwa adabu.

Nimetazama daftari zangu nikaona kuwa nilimpelekea betri ya kwanza Mei 2008, ulipotuangusha waya wa umeme wa baharini utokao Ras Kiromoni, bara, hadi Fumba, Unguja, uliotandikwa 1980. Lakini tarehe na iwe vyovyote, maana ilikuwa ni katika ile miezi mitatu ya kukosa umeme Unguja nzima, iliyoanza Disemba 2009, ndipo nilipomjua khasa. Darajani yote ilinguruma kwa jenereta, na hamali walipita na magari ya mkono yaliyosheheni betri, kila moja ikikaribia kilo 30. Yeye ndiye aliyenikalisha juu ya kigoda akanifundisha hesabu: volti 12 mara ampea-saa 100 ni wati-saa 1200; nusu yake ni 600; inveta nayo hula sehemu yake; basi kompyuta ya mezani yenye kioo cha tumbo, ilayo wati 150, itakupa saa tatu na kidogo. Nikazipanga saa hizo kwa tafsiri peke yake, na barua nikaziandika kwa mkono.

Waya wa pili, wa megawati 100, ulipowashwa 2013, wateja walimpungua, kisha zikaja kompyuta za kupakata, kisha betri za lithiamu zisizotaka maji wala kiboya, na ambazo huweza kutumiwa hadi robo tatu na zaidi bila ya madhara. Ni neema, sikatai. Ninaloudhika nalo ni kuwa muuzaji wa leo hamuulizi mnunuzi ana mzigo wa wati ngapi, na huuza betri ya kuwashia gari kana kwamba ni ya kazi ya kutwa. Na betri za risasi zilizokufa, ambazo fundi alizinunua kwa kilo ili zisitupwe, sasa nazikuta jaani, watoto wakichezea.

Yule kijana wa ndugu yangu naye alikwenda dukani, akarudi na betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 na inveta. Nikamwambia ajumlishe: kompyuta ya kupakata wati 50, kifaa cha intaneti wati 10, kwa saa nane ni wati-saa 480, betri inatosha, na ziada ipo. Lakini fyuzi ya kuwekwa karibu na ncha ya chanya, ya kuukata moto nyaya zikigusana, hakuuziwa wala hakutajiwa. "Ami, dukani hawakusema," akaniambia. Nikamkataza kuunga hata waya mmoja mpaka aipate, na jioni ile ile tukaenda kuitafuta pamoja.