Oili Chafu: Nani Anaipokea?

Safari hii siandiki juu ya viza wala ada. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho karibu kila mmoja wetu mwenye mkweche wake hapa California amekishika kwa mikono yake, ila hatukizungumzii: oili chafu.

Tunajuana. Mwanafunzi wa kwetu akishapata gari la mkono wa tatu, jambo la kwanza analogundua ni kwamba bei za gereji za hapa hazishikiki. Basi tunanunua oili na filta wenyewe, tunaazima jeki, na Jumamosi nzima inaishia chini ya gari. Hapa San Diego tunaishi wanne nyumba moja, Watanzania wawili, mmoja wa Mombasa na mmoja wa Bukavu, na tuna Corolla moja tunayoichangia. Kumwaga oili ni kazi yangu, manake mimi nimekulia gereji. Baba yangu mdogo ni fundi Tanga, na gereji yake iko chini ya mwarobaini. Tangu nikiwa darasa la tatu nilikuwa nampa spana namba aliyotaka kabla hajaitaja.

Ukilegeza ile nati ya chini, zinatoka lita nne hivi, nyeusi kama lami. Wataalamu wanasema oili haichakai, inachafuka tu. Ndani yake kuna chembe za chuma zilizosagika kwenye injini, masizi, maji, mabaki ya petroli, na kemikali zinazotokana na kuungua. Mtu anayelowesha mikono humo kila siku kwa miaka mingi anajiweka katika hatari ya kansa ya ngozi. Na kwa upande wa maji, idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inasema oili ya kubadilisha mara moja tu inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Hizo ni karibu lita milioni 3.8.

Hapa San Diego mtaro wa mvua hauendi kwenye mtambo wa kusafisha maji. Unakwenda moja kwa moja mtoni na baharini. Ndiyo maana pembeni mwa mitaro mingi wameandika onyo kwamba usitupe kitu, maji haya yanaishia baharini. Mvua yenyewe ni ya miezi michache, kwa hiyo kila tone lililodondoka barabarani kiangazi kizima linasubiri mvua ya kwanza lisafiri.

Kwa hiyo sisi tunafanya hivi. Oili inakingwa kwenye karai, halafu inamiminwa kwenye dumu lenye kifuniko kinachokaza. Dumu zuri ni lile lile la oili mpya, si la dawa ya kufulia wala la maji ya kunywa, asije mtu akakosea. Filta tunaiacha ichuruzike usiku kucha, nayo inakwenda na dumu, manake vituo vingi vinaipokea. Ikimwagika sakafuni, tunatupia maranda au ule mchanga wa choo cha paka, tunafagia. Hatupigi maji na sabuni, kwani huko ni kuisindikiza mtaroni tu.

Jambo kubwa kuliko yote ni kutochanganya. Maji ya rejeta, yaani kulanti, yana dumu lake. Ni matamu, na mbwa au paka akiyalamba kidogo tu anaweza kufa. Mtoto naye hajui tofauti. Mafuta ya breki mbali, petroli mbali. Betri, yenye risasi na asidi ndani, inarudi dukani, na mara nyingi unarudishiwa ile pesa ya dhamana uliyolipa ulipoinunua. Ukitia kulanti au petroli kwenye dumu la oili, kituo kinaweza kuikataa, na hapo unabaki na mzigo ambao hakuna anayeutaka.

Dumu likishajaa tunalipeleka duka la spea au kituo kinachopokea. Hatulipi kitu. Kumbe sheria ya California ya mwaka 1991 iliweka utaratibu mzuri: kampuni inayouza oili inalipa ada kwa kila galoni inayoiuza, na fedha hiyo ndiyo inayomlipa anayeirudisha. Sheria iliporekebishwa mwaka 2009 malipo yakapandishwa hadi senti 40 kwa galoni. Kwa Corolla yetu hiyo haifiki hata bei ya soda, na yule mwenzetu wa Mombasa kila safari anatania kwamba ametajirika. Lakini tazameni hesabu ilivyopangwa. Gharama ya mwisho wa oili imelipwa siku ile ile ilipouzwa ikiwa mpya.

Kutoka kituoni, nyingine huuzwa kama mafuta ya kuchoma kwenye matanuri ya viwanda, na nyingine husafishwa upya: inatolewa maji, inachemshwa na kutenganishwa, inatiwa dawa, inarudi kuwa oili ya injini. EPA wana mfano mmoja ambao siusahau. Kupata kwati mbili na nusu za oili mpya, unahitaji ama galoni 42 za mafuta ghafi, yaani pipa zima, ama galoni moja tu ya oili chafu.

Mwaka jana baba mdogo alinipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia haraka haraka, nikajua kuna jambo. Jirani mmoja alichota ndoo kisimani akaona juu ya maji utando unaong'aa rangi rangi. Mjumbe wa nyumba kumi akaitwa, kikao kikakaa chini ya mwarobaini ule ule, na gereji ikapewa miezi mitatu: irekebishe mambo yake au ihame. Baba mdogo ana vijana watano pale, na wawili kati yao wanalea familia kwa kazi hiyo.

"Wewe si ndo unasoma huko," akaniambia. "Niambie hao Wamarekani wanaimwaga wapi."

Nikamweleza yote, dumu, kituo, senti 40. Akacheka.

"Mwanangu, mimi simwagi oili. Oili ni hela. Huko wanakulipa uirudishe, hapa wananilipa niwauzie. Tofauti iko wapi?"

Jamani, nilikosa jibu la haraka, kwa sababu alisema kweli. Sisi tuliokaa ughaibuni tuna tabia ya kupiga simu nyumbani kufundisha usafi, kana kwamba watu wa kwetu hawajui thamani ya kitu. Kwa fundi wa kwetu oili chafu haitupwi. Inanunuliwa ikapakwe nguzo na mbao za paa mchwa wasile. Inapakwa kwenye mbao za kumwagia zege zisigande. Inalainisha minyororo ya misumeno, inachomwa kwenye matanuri, inanyunyizwa kwenye barabara za vumbi. Kazi ya kukusanya, ambayo California iliitungia sheria na mfuko, kwetu inafanywa na kijana mwenye baiskeli na madumu mawili.

Nikamuuliza, "Huyo anayenunua, anaipeleka wapi?"

Simu ikawa kimya. "Hela yake nzuri," akasema mwishoe. "Nimuulize ya nini?"

Nikamsimulia habari ya Times Beach, mji mdogo wa jimbo la Missouri uliokuwa na wakazi kama 2,000. Miaka ya 1970 barabara zake zilikuwa za vumbi na mji haukuwa na fedha za lami. Wakamlipa mtu mwenye lori la oili chafu azinyunyizie. Vumbi likatulia, watu wakafurahi. Kumbe mtu huyo alikuwa anachukua pia mabaki ya kiwanda cha kemikali yenye sumu ya dayoksini, akayachanganya na oili yake. Katika mabanda ya farasi aliyoyanyunyizia mwaka 1971, farasi walikufa. Mwishoni mwa mwaka 1982 vipimo vikaonyesha sumu katika udongo wa mji ule, mwaka 1983 serikali ikaamua kununua nyumba zote na kuwahamisha watu, na mwaka 1985 mji ukafutwa rasmi. Leo pale ni hifadhi ya jimbo, pa kutembelea tu.

Wakazi wale hawakumwaga oili mtoni, na oili yenyewe ilikuwa na mnunuzi na ilikuwa na kazi. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza: imetoka wapi, imechanganywa na nini, inaishia wapi? Baba mdogo akanyamaza tena, halafu akasema, "Basi hata mimi sijui kijana wangu wa baiskeli ana nini kwenye madumu yake."

Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Kisima kilikuwa hakichafuliwi na madumu ya kuuza bali na matone ya miaka mingi, na lile shimo nyuma ya gereji ambamo filta zilikuwa zinatupwa. Tukachanga, mimi na wenzangu watatu hapa, ikamwagwa sakafu ya saruji yenye ukingo ili kinachodondoka kisikimbilie mchangani. Filta zinachuruzishwa kwanza kwenye pipa. Kulanti ina dumu lake jekundu, na kijana atakayekosea analipa chai ya wote. Oili haiuzwi tena kwa kikombe kwa kila anayepita, inakaa kwenye pipa lenye kifuniko hadi aje mnunuzi mwenye kibali anayeweza kutaja tanuri anakoipeleka. Huyo analipa kidogo kuliko yule wa baiskeli, na wakati mwingine anachelewa wiki mbili. Baba mdogo analalamika, ila anamsubiri. Glavu nilimtumia mimi, maboksi matatu, akaniuliza kama nimeanza kazi hospitali. Siku hizi anazivaa, japo anasema hasikii nati vidoleni.

Kikao kilimwongezea muda. Maji ya kisima kile bado hawayanywi, wanafulia tu, na hakuna aliyewaambia yatachukua miaka mingapi kusafika. Hilo linaniuma. Sakafu inazuia tone la kesho, haiondoi la jana.

Ndugu zangu, sheria nyumbani zipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Kenya ina yake ya mwaka 1999. Kinachopungua ni mpokeaji aliye karibu na fundi, anayelipa kiasi cha kumshinda yule wa baiskeli, na anayeweza kuonyesha mwisho wa safari. Tukidai ada ndogo kwa kila lita ya oili mpya inayoingia bandarini, fedha hiyo ingeweza kumlipa mpokeaji huyo. Anayesoma sheria aitazame hiyo. Anayesoma kemia atazame namna ya kuisafisha. Anayesoma biashara, na huyo ndiye ninayemtegemea zaidi, apige hesabu ya gereji zote kuanzia Gerezani hadi Gikomba, kila siku, kila gari.

Na wewe mwenye mkweche wako hapa, peleka dumu lako kituoni kabla ya mvua ya kwanza. Ukifika usiishie kuliacha mlangoni. Muulize anayelipokea linakwenda wapi. Ukishalizoea swali hilo hapa, utarudi nalo nyumbani.