Mzinga wa Babu na Kaseti ya Contra

Pale Igalula, treni ikishaondoka na akina mama wakishakusanya chupa zao za asali, sisi watoto tulikimbilia kibanda cha gemu nyuma ya stesheni. Nje jenereta inanguruma, ndani benchi moja, TV chogo na mashine ya kuigiza Famicom, ile ambayo Nintendo waliianza Japani mwaka 1983. Unatoa shilingi mia, unashika pedi mpaka ufe.

Kaseti ilikuwa ya njano, imeandikwa kwamba ina gemu 9,999,999. Siku moja mimi na binamu yangu tukazihesabu. Hazikufika hata kumi na mbili. Nyingine zote ni zilezile, zimebadilishwa majina. Contra peke yake ilijirudia mpaka tukachoka, na jina la Konami walioitunga hatukuliona mahali.

Nilipomsimulia babu alicheka, kisha akauliza, "Na aliyeitunga anapata ngapi kwenye hiyo mia?"

"Yuko Japani, babu."

"Kwa hiyo mimi nikienda Dar, mrine mizinga yangu?"

Babu alikuwa mrina asali. Sheria yake ilikuwa fupi: ukiona mzinga wa mwenzio juu ya mninga, ukapenda ulivyochongwa, nenda kachonge wako kama ule, hakuna wa kukushitaki. Asali iliyomo ni ya mwenyewe, hata asipoonekana misimu mitatu. Nikamuuliza, je, kama amekufa? "Watafute watoto wake kwanza."

Miaka ikapita. Fundi simu mmoja mjini Tabora akaniwekea PPSSPP, programu iliyoanza mwaka 2012 ambayo huifanya simu icheze gemu za PSP, pamoja na gemu ya mpira yenye jezi za Simba na Yanga. Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za sheria. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa huko Marekani iliamua kwamba watu wa kampuni ya Connectix hawakukosea kuichunguza PlayStation ya Sony ili watengeneze programu ya kuiigiza. Kuchonga mzinga, basi, ruksa. Lakini gemu yenyewe ni asali: hapa kwetu Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu.

Tulikuwa na utetezi wetu: kaseti halali tungeinunua duka gani pale Igalula? Ni kweli, hapakuwa nalo. Ila watoto wa mwenye mzinga wapo. Mwaka 2019 Konami waliitoa Contra upya, na mimi nimeilipia.

Ile ya jezi za Yanga haiuzwi popote. Bado imo kwenye simu yangu, na babu hayupo tena wa kuniuliza nani anapata ngapi.