Nyota ya Mwenzio

Wahenga wa pwani walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Anayeiandama nyota ya mwingine huenda akafika asikokukusudia, au asifike kabisa. Hata hivyo, wapo watu ambao kwa miaka mingi huitazama nyota ya mbali bila ya nia ya kuisafiria. Huitazama kwa kuwa iliwahi kuyatawala maisha ya wazee wao, nao wangependa kujua inaelekea wapi. Mmoja wa watu hao ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Kilwa, aliyepelekwa Mpanda kusomesha katika miaka ya 1970, wakati mji huo ulipokuwa ungali chini ya Mkoa wa Rukwa. Katavi ilikuja kuwa mkoa mwaka 2012, na Mpanda ikawa makao yake makuu. Mwalimu hakurudi tena pwani ila kwa kuzuru na kuzika.

Mpanda ni mwisho wa reli. Tawi linalotoka Kaliua lilijengwa na Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, na treni ifikapo hapo haina pengine pa kwenda. Katika mji wa namna hiyo, kabla ya simu za mkononi, redio ilikuwa ndiyo bandari. Mwalimu alisikiliza idhaa nyingi, lakini aliyoizoea zaidi ni Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza matangazo yake mwaka 1963 kutoka Cologne na ikahamia Bonn mwaka 2003. Majirani walipomwona kila jioni ameegemeza redio dirishani, akiugeuza uelekezi wake taratibu kama mtu anayetafuta kibla, wakampa jina: Mwalimu Mdachi. Jina hilo halikumchukiza.

Na kwa nini Ujerumani? Jawabu halikuwa siri. Babu yake mzaa mama alichukuliwa kwa nguvu kutoka kijiji kilicho nyuma ya Kilwa akabebeshwa mizigo ya jeshi la Wajerumani katika vita vya 1914 hadi 1918. Hakurudi. Hakukuletwa barua wala nguo yake, na kaburi lake halijulikani liliko. Bibi yake, aliyeachwa na mtoto mgongoni, alikuwa amekwisha kuiona njaa iliyofuata vita vya Majimaji, vile vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi. Katika nyumba ile neno "Mdachi" halikuwa somo la historia. Lilikuwa jina la mdeni aliyeondoka bila ya kuaga.

Ama kuzifuatilia siasa za Wajerumani si jambo geni kwa watu wa pwani. Mwezi Agosti 1885 manowari zao zilitia nanga mbele ya Unguja, zikaielekezea mizinga kasri ya Sayyid Barghash, na Sultani akalazimika kuyakubali madai yao juu ya bara. Mwaka 1890 wakubwa wa Berlin na London walikaa wakagawana: Waingereza wakapata Unguja na Pemba, Wajerumani wakapata kisiwa cha Heligoland, na ukanda wa Mrima ukatolewa kwa marki milioni nne alizolipwa Sultani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alizitungia utenzi siku hizo za kutamalakiwa kwa Mrima, na kwa kufanya hivyo akawa miongoni mwa wa mwanzo waliozipima siasa za Berlin kwa mizani ya Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda huko huko Berlin kusomesha lugha yetu, akaishi Ujerumani mpaka akafariki mwaka 1927.

Visiwani nako habari hazikwisha walipoondoka. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki, na majumba ya Kilimani na Michenzani ni ushahidi wa urafiki huo. Ujerumani ya Magharibi haikuridhika. Mwaka 1965 ilipoondoa msaada wake wa kijeshi ili kuishurutisha Tanzania, Mwalimu Nyerere aliukataa na msaada uliobakia. Mzanzibari aliyepata fleti ya Kilimani alikuwa akiishi ndani ya siasa za Ujerumani, hata kama hakupata kumsikia Kansela akihutubia.

Katavi pia ina alama zake. Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, Karema ilikuwa kituo cha Wabelgiji tangu 1879, ikakabidhiwa kwa mapadri mwaka 1885, kisha bendera ya Wajerumani ikautawala ufuko wote wa mashariki. Na kwa miongo mingi watu wa Karema na Ikola walisafiri kwa Liemba, meli iliyoundwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Mwalimu aliipanda mara kadhaa. Alikuwa akisema kwamba chuma kile walau kilirudi kutoka chini ya maji. Aliyebeba mizigo hakurudi.

Kilichomshangaza Mwalimu katika siasa za Ujerumani ya leo ni uchaguzi wa rais wake. Raia wa huko hampigii rais kura. Huitishwa Mkutano wa Shirikisho, ambao nusu yake ni wabunge wa Bunge la Shirikisho, na nusu ya pili ni wajumbe wanaoteuliwa na mabunge ya majimbo 16. Miongoni mwa wajumbe hao hutiwa hata watu wasio wanasiasa: mwaka 2017 alikuwamo Joachim Löw, kocha wa timu ya taifa ya kandanda, na mwaka 2022 alikuwamo Christian Drosten, mtaalamu wa virusi. Hakuna hotuba za kampeni ukumbini wala mjadala. Mgombea ahitaji wingi wa wajumbe wote katika duru ya kwanza au ya pili. Ikishindikana, katika duru ya tatu hutosha kumzidi mwenzake. Rais huyo, baada ya hekaheka zote hizo, haamrishi jeshi wala hashiki hazina. Mamlaka yako kwa Kansela na Bunge. Yeye amekabidhiwa ulimi.

Mwanzoni Mwalimu aliona huo kuwa mzaha. Anayetoka katika nchi ambayo rais huchaguliwa na mamilioni, akawa amiri jeshi mkuu na mteuzi wa kila mkubwa, hawezi kuelewa kwa wepesi rais ambaye kazi yake ni kusema. Mwaka 2010 ndio uliomfungua macho. Mwezi Mei mwaka huo Rais Horst Köhler, akirejea kutoka Afghanistan, aliiambia redio kwamba nchi inayotegemea biashara ya nje huenda ikalazimika kutumia jeshi kulinda maslahi yake, kama vile njia huru za biashara. Maneno yale yakazua tafrani, na tarehe 31 Mei Köhler akajiuzulu. Mpanda nzima haikushughulika, ila Mwalimu hakulala. Mtu wa pwani akisikia biashara na manowari zikitajwa katika pumzi moja hukumbuka Agosti 1885. Lakini zaidi ya hayo, aliona jambo jipya: kumbe iko nchi ambayo rais anaweza kuondoka kwa ajili ya sentensi chache.

Tangu hapo alizifuata chaguzi zao kwa makini. Tarehe 30 Juni 2010 Christian Wulff alihitaji duru zote tatu, akianza kwa kura 600, kisha 615, na mwisho 625, ingawa vyama vilivyomsimamisha vilikuwa na wajumbe wa kutosha kumpitisha mara ya kwanza. Kura ya siri ina siri zake. Wulff naye akajiuzulu Februari 2012, na mwezi Machi akachaguliwa Joachim Gauck, mchungaji wa zamani kutoka Ujerumani ya Mashariki, ambaye alizuru Tanzania mwaka 2015. Mwaka huo huo wa 2015, mwezi Machi, mtambo wa Kigali uliokuwa ukirusha mawimbi mafupi ya Deutsche Welle ulifungwa. Mwalimu aliomboleza siku mbili tatu, kisha akajifunza kusikiliza kwa simu ya mjukuu wake.

Haikosi kuwa alilaumiwa. Vijana wa baraza walimuuliza kura za Berlin zinamhusu nini mtu ambaye barabara ya mtaa wake haipitiki masika. Aliyemjibia hakuwa yeye. Alikuwa fundi cherehani wa Katumba, aliyeletwa kutoka Burundi akiwa mtoto mwaka 1972, akakulia katika makazi ya wakimbizi, na akapata cheti cha uraia wa Tanzania baada ya zaidi ya miaka arubaini, katika zoezi lililoanza kutoa vyeti Oktoba 2014. Fundi alisema: "Muacheni Mwalimu. Mimi miaka yote ile nilisikiliza chaguzi za dunia nzima kwa sababu sikuwa na uchaguzi wangu. Mwenye njaa hunusa moshi wa jiko la jirani. Mwaka 2015 nilipopiga kura yangu ya kwanza, nilikwisha kujua kura ni nini. Nilifundishwa na kura za watu." Vijana walinyamaza.

Lakini fundi huyo huyo ndiye aliyekuja kumpa Mwalimu swali zito kuliko yote. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka 2017 na mara ya pili Februari 2022 kwa kura 1,045, alifika Songea katika Makumbusho ya Majimaji. Hapo ndipo panapokumbukwa mashujaa walionyongwa mwaka 1906, akiwamo Nduna Songea Mbano, ambaye inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Vita hivyo na njaa yake viliteketeza watu wanaokadiriwa kufikia 300,000. Steinmeier aliinama mbele ya makaburi, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea wazee wa watu waliokuwa mbele yake, na akaahidi kusaidia kutafuta mabaki ya waliochukuliwa.

Mwalimu aliisikiliza habari ile mara tatu. Jioni akamwambia fundi: "Leo amesema."

Fundi alikuwa akitia uzi sindanoni, hakuinua kichwa. "Amesema nani, Mwalimu? Si wewe uliyetusomesha kuwa rais wao hana ufunguo wa kasha?"

"Ndiyo, ndugu yangu, hana. Ana ulimi tu. Ndiyo maana ulimi wake hupimwa kwa mizani ya dhahabu. Yuko mwenzake aliyeacha kiti kwa ajili ya sentensi."

"Sawa," alisema fundi. "Yule wa 2010 neno lake lilimgharimu kiti. Hili la Songea limemgharimu nini?"

Hilo ndilo swali lililobaki Mpanda baada ya msafara wa rais kuondoka nchini. Si swali la dharau. Fundi anajua thamani ya neno rasmi, kwani naye ni raia kwa karatasi moja iliyotiwa sahihi, na kabla ya karatasi hiyo hakuwa chochote katika daftari la nchi yoyote. Anajua pia kwamba karatasi bila ya haki zilizoandikwa ndani yake ni karatasi. Neno la msamaha lina thamani ya namna hiyo: linamtoa aliyedhulumiwa katika usahaulifu na kumwandika daftarini. Kinachofuata baada ya kuandikwa ni hesabu.

Mwalimu alikaa na swali lile muda mrefu. Siku ile ya Songea ilikuwa siku ya Majimaji, na alifurahi kwa ajili ya bibi yake. Babu yake, mpagazi wa vita vya baadaye, alikuwa angali nje ya mlango. Hapo akatambua kwamba kwa miaka mingi alikuwa akilitega sikio lake kwa rais kwa kuwa rais ndiye mwenye kusema, na kwamba jambo aliloling'ojea kwa rais sasa limekwisha kusemwa. Lililobaki liko kwa wenye kasha: kwa Bunge linalopitisha bajeti, kwa serikali ya mseto inayopatana na kupatanuka, kwa makumbusho yenye masanduku yasiyofunguliwa. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni halidaiwi kwa mwenye kulitangaza peke yake.

Kwa hiyo tarehe 6 Mei 2025, Friedrich Merz alipokosa ukansela katika duru ya kwanza kwa kupata kura 310 badala ya 316, kisha akaupata siku hiyo hiyo kwa kura 325, Mwalimu hakufuatilia tamasha lake. Alitaka kujua ni watu gani watakaokaa katika wizara, na ni kipi kitakachokatwa fedha wakianza kubana matumizi. Aliwaza pia chama cha mrengo wa kulia kilichopata zaidi ya asilimia 20 katika uchaguzi wa Februari mwaka huo, akauliza wapiga kura hao watataka kusikia nini juu ya Songea. Muhula wa Steinmeier ulioanza Machi 2022 ni wa miaka mitano, na sheria haimruhusu kuongeza wa tatu mfululizo. Aliyeomba msamaha huondoka, kiti hubaki, na mwenye kukirithi hurithi na maneno yaliyosemwa juu yake.

Fundi siku hizi naye husikiliza. Hukaa mlangoni kwa Mwalimu na cherehani yake, na habari za Ujerumani zinapoanza huliacha gurudumu lisimame. Hana babu aliyepotelea katika vita ile, wala hakuzaliwa pwani. Alipoulizwa anangoja nini, alijibu kwamba anangoja kujua kama mkubwa akikiri deni la zamani hulilipa. Akiona linalipwa, naye atajua ni madeni gani mengine hapa duniani yanafaa kudaiwa.